Dakika Tatu za Baba

Nyumbani, kwenye meza ya cherehani
Jumapili, tarehe 4 mwezi wa tano

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Hujambo huko? Kifua kimepoa, au bado unakilea kwa chai tupu? Unakula lakini? Nauliza kwa sababu kwenye ile picha uliyotuma, shati ndilo limekuvaa wewe. Sisi hapa wazima. Mguu wa Baba bado unamsumbua tangu aanguke kazini, ila analalamika kutwa nzima, kwa hiyo ujue hajambo.

Habari zenyewe si nzuri. Nimekaa nazo wiki nzima nikijifanya nina sare nyingi za kushona.

Unajua Baba alipoacha uashi mkopo wa nyumba ulitushinda, na riba nayo ikapanda. Hatuko peke yetu, nusu ya milango ya mtaa huu imebandikwa notisi. Ndipo yule Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona akatukusanya, tukawa tunawafuata wabunge ofisi kwa ofisi, wapitishe muswada wa kutupa nafuu: nyumba zisiuzwe kwa mwaka mzima, na malipo yapangwe upya. Mwezi uliopita kamati ya bunge ikakubali kutusikiliza. Kila mtaa msemaji mmoja, dakika tatu. Wetu wakamchagua Baba, maana nyumba nyingi za hapa amezijenga yeye.

Nilimwandikia maneno ya kusema, nikampigia pasi suti aliyoolea. Tukafika, chumba kina zulia na viti vya kuzunguka, Baba akaitwa. Karatasi akaiacha mfukoni! Akavua kofia, akaanza: "Waheshimiwa, hamjambo? Za nyumbani? Watoto hawajambo?" Tena akangoja kujibiwa, mmoja mmoja. Mheshimiwa mmoja mama alikuwa anakohoa. Baba akampa pole, akamuuliza kikohozi kimeanza lini. Akawashukuru kwa viti. Akamshukuru na aliyetufungulia mlango. Watu wakacheka, kicheko cha kumpenda, na mimi huko nyuma nimeuma mtandio. Aliposema, "Sasa, kilichonileta hapa ni nyumba," katibu akagonga kengele.

Nilitamani ardhi inimeze. Njia nzima sikumsemesha. Tulipofika nyumbani akaniuliza, kwa upole tu, angewezaje kumwomba mtu jambo kubwa namna ile bila kumjulia hali kwanza. Ndivyo alivyotulea, na mimi mwenyewe hapa nimeanza na kifua chako.

Muswada umesogezwa hadi kikao cha mwezi wa nane. Nyumba yetu inapigwa mnada tarehe ishirini na moja mwezi huu.

Nilikwenda kwa mbunge wetu, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa, nimwombe aiandikie benki isubiri bunge. Akasema atalifanyia kazi. Halafu akatabasamu: "Na yule mzee wako wa salamu, hajambo?" Nikasema hajambo. Nilishuka ngazi nikilia hadharani, mtu mzima mimi. Salamu anazikumbuka, nyumba hakuisikia.

Barua ya mnada nimeificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Baba hajaiona. Najua ninakosea, lakini kila nikifungua mdomo nashindwa.

Mwalimu alimwambia huenda kamati ikamwita tena, naye kalishika hilo. Kila jioni anasimama jikoni mbele ya saa ya ukutani, anafanya mazoezi. Swali la watoto wa waheshimiwa ameshaliacha. Juzi, dakika mbili zikiwa bado, alifika kwenye habari ya nyumba, nikamsikia akieleza kwa nini dirisha la jikoni liko chini vile. Alilipima kwa kimo cha Mama, ili akiosha vyombo atuone tukitoka shule. Miaka yote hii mimi nilidhani alikosea vipimo! Nikakanyaga cherehani bila kitambaa, asisikie ninavyolia.

Nakuomba jambo moja tu. Jumapili ijayo atakupigia simu akusemee yote, wewe umhesabie dakika. La mnada usimwambie, nitamwambia mwenyewe kabla ya siku kufika. Wewe msikilize. Na akianza kukuuliza kifua, chakula, kazi, na majirani zako ambao hata hawajui, mjibu yote. Wewe usimgongee kengele.

Shangazi anakusalimu, anauliza utaoa lini au anywe dawa zake alale. Fundi bomba wa jirani anasema tangu uondoke golini wanafungwa tu. Mwalimu naye anakusalimu sana.

Mungu akufunike huko uliko, akupe afya, na akuwekee mlango wa kurudia, hata kama si huu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukikawia kujibu.