Nilichowaambia kuhusu mlango wa nyuma

Jumapili, alasiri. Mvua nyembamba, ile isiyopiga kelele, na kichwa kinanigonga tangu jana. Jana nilisema uongo mbele ya ukumbi mzima wa watu, wakanipigia makofi.

Nianze pale panapoanzia, maana nikirukaruka nitaishia kujitetea.

Mwezi uliopita klabu yetu ya mpira, hii ndogo ninayokata kadi yake ya msimu kwa miaka kumi na mmoja sasa, ilituandikia barua. Wanataka kung'oa viti vyote vya plastiki nyuma ya goli la kaskazini ili watu wasimame kama zamani. Si kama zamani kabisa: kila safu itawekewa chuma cha kuegemea, kimo cha kiuno, na watu watahesabiwa wakiingia. Wenye kadi tuamue kwa kura, Jumamosi saa tano asubuhi, katika ukumbi ulio chini ya jukwaa kuu.

Binti yangu Grâce, mwenye miaka ishirini na miwili, ndiye aliyekuwa akizunguka na karatasi za kuwaomba watu wapige kura ya ndiyo. Yeye hukaa nyuma ya goli hilo kila mechi. Nasema hukaa, lakini kule hakuna anayekaa. Wanapanda juu ya viti, na goli likiingia wanaangukiana. Msimu uliopita rafiki yake alivunjika mguu, ulinasa katikati ya viti viwili.

"Maman, kiti njo kilimuvunja," aliniambia siku ile. "Pas les gens, si watu. Kiti."

Mimi nilikuwa upande wa hapana. Kila anayenifahamu pale klabuni anajua kwa nini. Kaka yangu Patient alikufa uwanjani, kule kwetu Katanga, akiwa na miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nimeisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara kwa maneno yale yale: watu walisimama kwenye ngazi za zege, wamebanana, hakuna kiti hata kimoja. Ikaanza mvua ya mawe. Wote wakakimbilia mlango wa nyuma kwa pamoja, wakakanyagana. Wangekuwa wameketi, kila mtu kitini kwake, Patient angekuwa hai.

Ndivyo ninavyoisimulia.

Kwa hiyo Annick, mwenyekiti wa kamati ya mashabiki, aliponiomba niseme neno kabla ya kura, nilikubali. Ijumaa niliporudi kutoka kazini (nahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee, mtaa wa Woluwe hapa Ubelgiji) nilikaa jikoni nikaanza kuandika ukurasa mmoja wa Kifaransa. Papa akaingia. Ana miaka themanini na mmoja, na anaishi nasi tangu Mama afariki.

"Unaandika nini, Béa?"

"Ni juu ya Patient, Papa. Ni ya réunion ya kesho."

Alivuta kiti. "Soma."

Nikasoma. Alisikiliza huku akiangalia jiko. Nilipomaliza akanigeukia.

"Na mulango?" akauliza.

"Mulango gani, Papa?"

Alinitazama. Nilijua ni mlango gani, na alijua kwamba najua.

"Bon," akasema, akajishika mezani ili ainuke. "Kesho nitakuya na weye."

Sijawahi kuandika popote haya yanayofuata.

Siku za kazi Papa alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Jumapili alilinda mlango wa nyuma wa uwanja wa mtaa wetu. Vijana walikuwa na mazoea ya kupenya pale ili waone mechi bila tiketi, na siku ile mkubwa wa uwanja alimwambia aufunge mpaka mwisho. Papa akafunga kwa kufuli. Kisha ikatolewa penalti upande wa pili. Akaweka ufunguo mfukoni, akaenda kuitazama.

Mvua ya mawe ilianza kabla hajarudi.

Watu hawakukanyagana kwa sababu walikuwa wamesimama. Walikanyagana kwa sababu wa mbele walikuta mlango umefungwa na wa nyuma hawakujua. Patient alikuwa miongoni mwa wa mbele. Wengine wawili walikufa naye.

Nilijuaje? Siku ya pili ya msiba nilikuwa napeleka maji chumbani, nikamsikia Papa akimwambia Mama, "Ufunguo ulikuwa na miye." Mama akamjibu, "Usiseme tena ile neno." Hakulisema tena. Tulipokuja Ulaya tulikuja na habari moja tu, ile ya ngazi za zege. Mama aliisimulia vile, nami nikajifunza kwake.

Kuichukia zege ni rahisi. Zege haikohoi chumba cha pili. Zege haikuombi uikate kucha za miguu kwa sababu mgongo hauinami tena.

Jana basi. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakabaki mlangoni. Papa alikaa safu ya tatu, amevaa koti lake la kanisani, kofia juu ya magoti. Grâce alisema kwanza. Alisema vizuri, mtoto wangu. Alisema hawadai kurudi enzi za babu zao, wanadai wasivunjwe miguu na viti ambavyo hakuna anayevikalia. Hakunitazama hata mara moja.

Kisha nikaitwa. Nilisoma ukurasa wangu. Nilipofika kwenye umri wa Patient sauti ilinikatika, na sikuwa naigiza.

Nilikuwa nimeshaanza kukunja karatasi pale mzee mmoja Mbelgiji aliponyoosha mkono. Namjua kwa sura. Ni zimamoto mstaafu, hukaa safu mbili nyuma yangu na mkewe. Alizungumza taratibu, kwa adabu.

"Madame, unisamehe kwa kuuliza. Milango ya kutokea, siku ile, ilikuwa wazi?"

Nilitazama karatasi kana kwamba jibu lilikuwa pale. Nilimtazama Papa. Alikuwa amenikazia macho, na midomo yake ilikuwa imeanza kufunguka. Nikaona kwamba atasema. Pale, kwa Kifaransa chake cha kutafutatafuta, mbele ya watu wasiomjua, mbele ya mjukuu wake.

Nikamuwahi.

"Oui, monsieur," nikasema. "Ilikuwa wazi kabisa."

Yule mzee aliitikia kwa kichwa. "Basi kama milango ilikuwa wazi na bado watu wakafa," aliwaambia waliokaa karibu naye, lakini kwa sauti ya kusikika, "mimi siwezi kupiga kura ya ndiyo."

Hapana ilishinda kwa tofauti ya kura saba. Sept voix. Siwezi kujua ni wangapi walimfuata yule mzee, lakini saba ni watu wachache sana.

Makofi yale yalikuwa yangu. Mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia, akaniambia nimeokoa watoto. Niliona juu ya bega lake jinsi Grâce alivyokuwa akikusanya karatasi zake moja moja, na vijana wenzake wamesimama kando.

Ndani ya tramu Grâce alikwenda kukaa nyuma peke yake, vifaa vya sauti masikioni. Mimi na Papa tulikaa mbele. Tulipokaribia kituo chetu akanigeukia.

"Béa," akasema. "Ule muzee aliuliza muzuri."

Basi. Akavaa kofia yake.

Leo kanisani hakwenda kupokea komunyo. Nimemwona akibaki ameketi watu wakimpita, na ni mtu ambaye hata akiwa na homa hujikokota mpaka mbele. Tuliporudi nilipakua sombe, majani yetu ya muhogo, na samaki, tukala. Grâce alipoanza kukusanya sahani, Papa akamwambia, "Grâce, ikala. Nkambo iko na kitu ya kukuambia."

Nkambo ndivyo tunavyomwita babu. Grâce akakaa.

Nilisema, "Papa, tafadhali."

"Acha, Béa."

Akamweleza yote. Mkubwa wa uwanja, kufuli, penalti. Alisema kwamba alipoona mvua alikimbia na ufunguo mkononi, lakini watu walikuwa wengi kati yake na mlango, na alipofika hakukuwa na haraka tena. Hakulia. Alisema kama mtu anayetoa maelezo polisi, jambo baada ya jambo, mikono juu ya meza.

"Miye njo nilifunga, mutoto wangu. Si bantu. Si kusimama. Ni miye."

Grâce alikuwa amemshika mkono tangu katikati ya maneno. Kisha akanigeukia.

"Maman, ulijua?"

"Ndiyo."

"Hata jana ulijua?"

"Ndiyo."

Alichukua koti, akatoka. Nilisikia hatua zake kwenye ngazi, ghorofa mbili, na mlango wa barabarani ukajibamiza.

"Nilikuwa nakuficha wewe, Papa," nikasema.

"Nilijua. Lakini sikukuombaka unifiche." Hakusema kwa hasira. "Tuliiba kura ya bantu. Sasa miye niko mwizi, na weye uko mwizi."

Niliingia chumbani kwangu, nikakaa kitandani na simu mkononi. Najaribu hapa kuwa mkweli na nafsi yangu. Bado naogopa. Kila goli likiingia upande ule natazama kule kabla sijashangilia, na kwa sekunde chache Grâce anapotea chini ya mikono ya watu, nami namtafuta kwa macho mpaka nimwone tena. Hofu hiyo ni yangu na nina haki nayo. Ningeweza kusimama jana nikasema hivyo tu: mimi ni mama, naogopa. Wangeipima hofu yangu kwa uzito wake. Badala yake niliwapa ushahidi wa uongo, wakaamua kwa huo.

Na yule zimamoto aliuliza swali pekee lililofaa kuulizwa. Aliniuliza mimi, mtu pekee pale ukumbini, ukimwacha Papa, aliyekuwa na jibu.

Nikampigia Annick. Nilimweleza bila kupamba. Nilisikia televisheni yake upande wa pili.

"Béatrice," akasema hatimaye, "unajua itabidi niwaambie watu wote?"

"Najua."

"Na watataka kupiga kura upya. Wengine watakukasirikia sana. Pande zote mbili."

"Najua, Annick. Naomba uniachie niwaambie mwenyewe."

Amesema Alhamisi saa kumi na mbili jioni, ukumbi ule ule, kama kamati itakubali. Alikata simu bila kunitakia Jumapili njema, naye ni mtu asiyesahau hilo kamwe. Nilipomwambia Papa, alisema na yeye atakuja, na safari hii nisimuwahi.

Grâce amerudi kama saa moja iliyopita, amelowa. Hakuniomba msamaha na sikutarajia aombe, maana si yeye mwenye kosa. Nilimpa taulo, akalipokea. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akijifuta nywele, mimi nikisafisha masufuria yaliyokwisha kuwa safi. Nilidhani ataniuliza kuhusu uongo wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Akauliza, "Tonton Patient alikuwa anasimamaka wapi?"

Sikuelewa. "Wapi vipi?"

"Uwanjani, au stade. Jumapili, kila dimanche. Nyuma ya goli, kati, juu? Alikuwa na nafasi yake, non?"

Miaka yote hii nimesimulia jinsi alivyokufa, na sijawahi kumuuliza mtu yeyote alikuwa akitazamia mpira wapi.

Sauti ya Papa ikatoka chumba cha pili. Alikuwa akitusikia muda wote.

"Chini, pembeni ya mulango," akasema. "Kila dimanche, pale pale. Alipenda kuwa karibu na miye."

Grâce aliinuka akaenda kwa babu yake. Nilibaki pale, maji ya bomba yakitiririka bure, kisha nikayafunga, nikaja kuandika haya.

Alhamisi nitawaambia kwamba mlango ulikuwa umefungwa, na nani aliufunga, na nani alidanganya. Halafu watanipa karatasi ya kura kama wengine. Nitaweka alama wapi? Sijui bado. Kweli sijui.