Mwisho ya Ile Filme Nakuachia Weye

Bunia, hapa Rwambuzi, siku ya Yenga kisha kanisa

Masika mutoto wangu,

Naanza na kuuliza habari yako mbele ya kukupa yangu, juu ukisha kusoma yangu utasahau kujibu. Uko unalala muzuri? Ile kikohozi imeisha? Tate wako, mama yangu, goti yake inamuacha atembee mpaka kanisa, ao anaombea ku kitanda? Munakula nini? Usiniambie "tunakula, mama." Uniambie nini iko mu sahani.

Miye niko muzima. Mwili iko muzima, vitunguu inauzika kidogo, nyumba haivuje. Ni kimya ndiyo inanisumbua. Nikitoka soko nafungua mulango, nasema "nimefika," sawa vile nilizoea kwetu Butembo, kisha nakumbuka hakuna mwenye nimeambia.

Ulinipigia telefone ukauliza: "Mama, vakansi nikuje Bunia ao nisikuje?" Nikakuambia rezo iko mubaya, nitakujibu. Masika, rezo ilikuwa muzuri. Ni miye nilikosa jibu. Sasa nakuandikia, juu mu telefone nalia, na ukisikia nalia unaanza kunituliza, na maneno inabakia hapo. Lakini acha nianze na mafilme, ndiyo utaelewa jibu yangu inatoka wapi.

Jirani yangu Mama Furaha, mujane sawa miye, iko na televizyo na batri ya jua. Kila Yenga kisha kanisa siye wamama tunakusanyika kwake, kila mumoja na kiti yake na kazi ya mikono. Mwengine anasuka, miye nachambua maharagi. Filme zinatoka ku soko mu flash, na ndani muko sauti ya ule mwanaume mwenye anatafsiri kwa Kiswahili. Unamujua, tulikuwa tunamusikia hata Butembo. Bado hawezi kutafsiri bila kuongeza yake na majina ya vijiji vya huku kwetu. Muzungu akipanda ndege, anasema: "Huyu anaenda Marabo kununua mihogo." Mwizi akikimbia polisi, anasema amepitia Boga. Wamama wanacheka mpaka viti inalia.

Filme ya kwanza ilikuwa ya Wahindi. Sikuipenda. Baba ya musichana iko mu hospitali, na musichana iko anacheza mu mvua na kijana. Wakizunguka muti, nguo imebadilika. Wakizunguka tena, wako ku mulima ya barafu, na miguu wazi! Nikasema: "Huyu kesho ni homa, na dawa nani atalipa?" Mama Furaha akasema: "Mama Masika, wacha, ni mapendo!" Nikamujibu mapendo inaweza kungojea mu nyumba, chini ya manjanja. Lakini nguo zake, eh! Kulikuwa moja ya rangi ya ndizi yenye imeiva. Ukiivaa weye, unamupita.

Ya pili ilikuwa ya Nigeria, na mama-mukwe. Tangu aliingia na kilemba yake kubwa nilisema huyu iko na sumu mu mufuko. Wakanikatalia: "Mama anacheka muzuri hivi?" Nikasema, ndiyo, anacheka, lakini muangalie anacheka na nani, anacheka na sufuria. Na kweli ilikuwa mu supu! Nilifurahi kushinda. Nikageuka nikupige ku bega sawa vile nilizoea. Nikapiga bega ya mama mumoja mwenye kuuza samaki, hata hatujuane. Akaniangalia. Nikasema pole. Kisha hapo sikufuata muzuri. Niliona tu kama mutu alikufa asubui, muchana pasta akamufufua, na magaribi wanakula harusi. Hata kulia matanga kidogo hakuna. Ile haikunifurahisha.

Ya tatu ndiyo iko mu roho yangu.

Unakumbuka vile tulikuwa tunafanya. Miye, filme ikifika pabaya, siwezi. Musiki ikianza kwenda polepole natoka, naenda kuangalia makaa. Weye unabakia unaangalilia siye wawili, kisha unaita: "Mama, rudia, hajakufa!" Na kama amekufa, hauite. Unanifuata ku jiko, unakaa pembeni yangu, unaniambia, na tunatunga mwisho ingine. Baba yako, Mungu amupumuzishe, alikuwa anasema miye nimeona filme zote za dunia nusu-nusu.

Basi ile ya tatu, sijui ni ya inchi gani. Kuko mama anafanya biashara mu muji ya mbali, na mutoto wake mwanamuke anabakia kwa tate. Nikaacha kuchambua. Siku moja mutoto anafunga kisanduku, anapanda gari. Na ule mutafsiri, na ujinga yake, akasema: "Sasa mutoto anatoka Butembo, anaenda kuona mama yake Bunia. Mungu amusindikize ku barabara ya Komanda."

Wamama wote wakanigeukia.

Najua ni muchezo yake. Najua hata usukani ya ile gari ilikuwa upande yenye si ya kwetu. Lakini gari ikaingia mu pori, musiki ikaanza polepole, na miye nikasimama. Maharagi yote ikamwangika chini. Nikatoka inje, vidole mu masikio.

Kisha nikalegeza vidole kidogo, nikangojea mutu aseme "rudia." Hakuna mwenye aliita. Si kosa yao, hawajue kazi ile. Nilisimama pale mpaka wakatoka, kila mumoja na kiti yake ku kichwa, na wote walikuwa na machozi. Sasa, mutoto wangu, wamama wa hapa wanalia ku matanga, na ku harusi pia wanalia. Ningejua namna gani? Mama Furaha akafungua kinywa aniambie. Nikaifunga na mukono yangu yenye vumbi ya maharagi.

"Usiniambie!"

"Mama Masika, kichwa yako iko muzima? Ni filme!"

"Najua ni filme. Usiniambie."

Nisikie muzuri. Kama mwisho ni mubaya, sitakuita, na utabakia kule ukifikiri mama hakutaki. Na kama mwisho ni muzuri, nitakuita mbio bila kuuliza kama barabara iko na watu wa bunduki. Zote mbili si akili. Mutu wa filme hajue barabara yetu.

Juu ya ile, kesho yake niliacha vitunguu, nikaenda ku parkingi kwa Papa Kambale, shofere mwenye ananiletea mizigo kutoka Butembo. Nilimukuta anakunywa chai kwa mama mumoja mwenye kuuza pale, mwenye mimba kubwa. Nikanunua yangu, nikakaa.

"Papa Kambale, barabara iko namna gani?"

"Mama, sitakudanganya. Kuko siku iko muzuri, kuko siku tunalala Komanda tunangojea. Tunapita kwa musururu, askari mbele, askari nyuma."

"Weye unaweza kupitisha mutu wako pale?"

Akazungusha chai yake. "Nilileta bibi yangu na mimba yake. Asubui nilikataa kuwasha gari, juu wenzangu wenye walitangulia hawakukuwa wamepiga telefone. Walipopiga ndiyo tukatoka. Akanitukana njia yote juu ya mashimo."

"Alifika muzuri?"

Ule mama wa chai akapiga kichwa ya Papa Kambale na kijiko. "Nilifika, ndiyo! Na mugongo bado inauma! Na huyu hajalipa chai!"

Nilicheka, Masika. Ilikuwa siku mingi sijasikia sauti yangu ikicheka inje ya filme.

Sasa jibu yangu ni hii: kuja. Nimeandika ile neno, nikaifuta, nikaiandika tena. Utaona karatasi imetoboka pale. Kuja, lakini na Papa Kambale peke yake, ule mwenye amekupa hii barua. Ukae mbele pembeni yake. Akisema "leo hapana," ushuke, urudie kwa tate, ufungue kisanduku, upike, na usikasirike. Akisema hapana vakansi yote, basi ni hapana, na nitakubali, nitalia kwangu. Hata kama umefika Komanda na wenye gari wanarudia, urudie nao. Usijifanye mwenye nguvu. Sikukuzaa ukuwe mwenye nguvu, nilikuzaa ukuwe mwenye kufika.

Ulete sweta, asubui hapa kuko baridi kidogo. Ulete viazi vya kwetu, vya hapa haviive sawa. Kiti nimekununulia, ya mbao, iko pembeni ya yangu, na Mama Furaha ananicheka vile naipanguza vumbi na hakuna mwenye anaikalia.

Umusalimie tate, umwambie apake mafuta ku goti na asipande tena kilima na maji. Umusalimie mujomba wako Paluku, ndugu yangu, mwenye kutengeneza kinga, zile baiskeli za watu. Siku hautakuweko, alale karibu na tate. Umusalimie mama mudogo Mbambu, mudogo wangu; kikwembe yake ya kujifunga nimeiona soko, asifikiri nimesahau.

Ile flash, Mama Furaha ameifunga mu kitambaa na ameapa hakuna mutu atanisimulia. Ukifika utaoga, utakula, utalala. Kisha tutaingia kwake na viti yetu. Musiki ikianza polepole, miye nitatoka, unanijua. Weye ubakie ndani uangalie mpaka mwisho.

Kisha uniite. Uite na nguvu, nitakuwa pale ku makaa, nakusikiliza.

Ni miye mama yako, mwenye atakuwa ku parkingi mbele gari haijafika