Kakao Isiyo na Sukari Imenipeleka Shambani

Kijiji cha Ujamaa, upande wa Itetemia,
Tabora.

Mdogo wangu Tusajigwe,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma, maana nakujua, ungechelewa nayo. Marahaba. Mmeamkaje huko Kyela? Ndizi zinazaa? Shemeji bado anakoroma hadi majirani wanahama? Sisi huku Tabora tu wazima, na mimi ni mzima kuliko wote. Juzi nimeshindana mbio na kijana mmoja wa mgambo, kutoka kisimani hadi ofisi ya kijiji, nikamwacha anahema kama mbuzi aliyefukuzwa mnadani.

Haya, si kweli. Kijana alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, nami nikampita. Lakini nilimpita bila kushika ukuta, na unakumbuka uliponiona mara ya mwisho nilikuwa naomba mkono hata kuvuka kizingiti.

Sasa sikiliza. Mwenye makosa ni zile mbegu za kakao ulizoniletea kwa mkono wa mwanangu Asajile, alipokuja likizo huko kabla ya kurudi kufundisha shule ya hapa kijijini. Mkwe wangu alizikaanga, akazimenya, akazitwanga, akachemsha. Sukari hakuna. Duka la ushirika lina chumvi, viberiti na karani anayepiga miayo. Sukari tunaiota tu. Nikanywa hivyo hivyo. Ule uchungu, mdogo wangu, na ule ukakasi unaokunja ulimi kama ndizi mbichi, nikasema Tusajigwe ameamua kunirithi nikiwa hai.

Lakini mtu hamwagi kitu cha kwao. Nikawa natafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika wanavyovipenda Wanyamwezi, kisha napiga funda. Kila asubuhi. Jirani yangu Bibi Nyamizi, mjane mwenye magoti yanayolia kama mlango mbovu na ulimi mkali kuliko wangu, akaja kuonja. Funda la kwanza alitema, la pili akameza, siku iliyofuata akaja na kikombe chake mwenyewe. Tukishakunywa tunatembea kuutoa ukakasi mdomoni, tukifuata ile barabara ya zamani waliyopita wapagazi na pembe za ndovu. Mwanzo tulikuwa tunaishia nyuma ya choo cha shule. Siku hizi tunafika hadi kwenye mabani ya kukaushia tumbaku na kurudi, tena tunasengenya njia nzima bila kukata pumzi.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikaanza kuona mambo. Miguu iliyokuwa inaamka baridi kama ya chura, inaamka na joto lake. Kizunguzungu cha kusimama kimepungua. Na majina yamerudi. Zamani nikitaka kumwita mkwe wangu nilipitia majina ya mbuzi wote kwanza. Sasa nampata mara moja, na naona hajafurahi, maana hana tena pa kujificha nikimtuma.

Nikaenda kumtangazia mganga wa zahanati. Kijana mpole yule. Akanipima presha, akasema imeshuka kidogo. Habari ya kakao hajaisoma popote, ila kwa kufikiri kwake huenda ule ukakasi ndio wenye faida, unalegeza mishipa damu ikapita vizuri, na tungeijaza sukari tungeiharibu. Kisha akaniharibia furaha: ati mzee aliyeacha chai ya vijiko vitano na kuanza kutembea kila siku asiisifu kakao peke yake. Nikamwambia sifa nitazigawa mwenyewe. Kakao fungu kubwa, miguu fungu dogo, yeye hapati kitu.

Kilichoniponza ni mdomo. Kwenye mkutano wa kijiji, Mwenyekiti wetu Maganga alikuwa anataja wazee wanaosamehewa shamba la tumbaku la pamoja, sisi tunaobaki tumekaa tukifukuza kuku kwenye kitalu cha mboga. Kazi tamu ile, hata kuku wenyewe tumezoeana. Aliponifikia mimi, badala ya kunyamaza, nikasimama. Nikawaeleza watu wote habari za kakao, nikaruka mara mbili, nikachuchumaa, nikainuka bila kushika kitu. Watu wakapiga makofi. Maganga akavua miwani.

"Mzee Ambakisye," akasema, "babu zetu walikuwa wapagazi wa njia hii. Kwao, anayesifu bega lake hupewa mzigo."

Akaliruka jina langu.

Nikamgeukia Bibi Nyamizi anitetee. Mwanamke aliyenitangulia asubuhi ile ile hadi kwenye mabani, alikuwa ameyakumbatia magoti yote mawili, anaguna kama anayezikwa kesho.

"Pole, baba," akaniambia. "Ujana una shida zake."

Basi nimepewa matuta yangu, napalilia na vijana. Wananiita Kijana Mpya. Mgongo unauma, sikufichi. Ila jana nilimaliza tuta langu kabla ya yule mgambo, kweli safari hii, tena alikuwa pekupeku, kamba za kufunga hana. Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini msimu mzima sitauweza, na kiti changu cha kuku Bibi Nyamizi ameshakiwekea miguu.

Nisalimie shangazi yetu, kama bado anapiga wajukuu kwa mwiko. Nisalimie mchungaji, na wanao wote. Na nyinyi wenyewe acheni kupeleka kakao yote ushirika kama kitu cha wenyewe. Bakiza ya kikombe, unywe chungu, utembee.

Sasa neno langu dogo. Shemeji nilimwazima bakora yangu ya mpingo alipoteguka mguu, na mguu ulishapona, anauchezea ngoma. Airudishe. Asajile akija huko tena, mpe aniletee pamoja na kakao. Mkutano ujao nataka kuingia nimeiegemea, mkono unatetemeka, kila mtu aone. Njiani nitaibeba begani.

Ni mimi kaka yako,
Ambakisye