Kobe Uliyesema Amelala

Mpendwa Baba Nadia,

Jana nilionyesha ile katuni ya kobe. Nilikuwa nimeikwepa muhula mzima, tangu tukuzike, nafundisha mandhari na mgogoro kwa chaki tupu huku wanafunzi wamenuna. Unawajua. Wewe ndiye uliyewadekeza.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe mwalimu wa Kifaransa, mimi wa Kiswahili, shule moja hapa Kinama, na projekta ya kuazima. Tulitundika shuka letu jeupe ubaoni. Katuni yenyewe haikuwa na neno hata moja, nami nikafurahi: watoto watazame wenyewe, wanitajie wahusika, waseme kilele kiko wapi. Wapi! Hata dakika haijaisha, ukasimama kando ya shuka ukaanza kusema kama wale wasimulizi wa vibanda vya video, wanaomsemea kila mhusika mpaka filamu inakuwa yao. Kobe mume ukampa sauti ya muuza ndizi wa Nyakabiga. Kobe mke ukampa sauti yangu, mtundu wewe, pamoja na kikohozi changu. Darasa likavunjika mbavu.

Wale kobe wazee wanapanda kilima kutafuta maji. Karibu wafike juu, mume anaingiza kichwa ndani ya gamba, na hakitoki tena. Mke anakaa kando yake mpaka picha inazimika. Nilitaka watoto walione hilo, maana hadithi yote iko hapo. Wewe kila mwaka uliwaambia, "Amechoka tu, amelala. Kesho ataamuka."

Nyumbani nikakugombeza kwamba unaharibu mwisho wa watu. Ukacheka, unamenya viazi.

"Mama Nadia, bale ni batoto badogo. Waache balale muzuri. We utabaambia ile ya kweli siku yako."

Siku yangu ikaja bila hodi.

Lile neno sikuwahi kulitamka, Baba Nadia. Wasiojua wakikuulizia, nasema hayupo. Nadia akiuliza, nasema baba ametangulia. Mdomo ulikataa kabisa.

Jana sauti yako haikuwepo. Kobe wawili walipanda kimya kwenye shuka letu, nami nimesimama nyuma nimeshika meza. Hakuna aliyecheka. Kichwa kilipoingia ndani ya gamba, msichana mmoja wa dawati la mbele akageuka.

"Madamu, iko nalala tu, si ndiyo? Mwalimu alisema ataamuka."

Darasa zima likanitazama. Mungu anajua nilivyotamani kusema ndiyo.

"Apana, mwanangu," nikasema. "Amekufa."

Nilijisikia nikilitamka. Nikaketi kwenye dawati katikati ya watoto nikalia mbele yao, mimi ninayewakataza hata kunong'ona. Hakuna aliyenitajia mhusika wala kilele. Yule msichana alizima projekta, akaja kukaa kando yangu.

Nimekukosa mpaka mwili unauma. Nyumba imekuwa kubwa, na viazi namenya mwenyewe, vibaya. Nadia anacheka kama wewe, na akicheka natoka nje kidogo.

Sitakuambia ulale salama, mume wangu. Umekufa, na sasa nimeshasema. Kwaheri.

Mkeo,
Mama Nadia