Ng'ombe wa Eliza na chumvi ya Ivuna

Tunduma, Jumatano, 17 Juni 2015

Upepo tangu asubuhi. Vumbi la malori limeingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa, na baridi ni ile ya kuvaa sweta juu ya sweta. Nimerudi kutoka shule, nimejifungia chumbani, sijavua hata viatu.

Nina aibu. Nianze kwa kulisema hilo, maana nikianza na hadithi nitajipamba.

Mnaonisoma kwenye blogu hii mnajua nilivyojisifu mwezi mzima. Mimi, mwalimu wa darasa la pili, niliona mtandaoni picha za mapulizo makubwa yenye sura za wanyama yakipitishwa mitaani huko nchi za watu, watoto wakishangilia, nikasema hata sisi tunaweza. Jana ilikuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, na shule zinaandamana hadi uwanjani mbele ya mgeni rasmi. Miaka yote sisi tunabeba mabango. Mwaka huu darasa langu lingebeba wanyama juu ya mianzi.

Nilivuka mpaka hadi Nakonde nikanunua mapulizo mifuko mitatu. Yule mama wa Kizambia aliyeniuzia akaniita mama kwa lugha yao, akauliza, "Mayo, harusi ya nani?" Nikacheka, nikamwambia ni harusi ya watoto sitini.

Kazi yenyewe si ngumu. Unajaza upepo pulizo kubwa liwe tumbo, dogo liwe kichwa, unayafunga pamoja, halafu unabandika vipande vya magazeti kwa uji mzito wa unga wa sembe, tabaka juu ya tabaka. Vikikauka unapaka rangi ya maji. Niliwaambia kila kundi lichague mnyama wake. Watoto wa mpakani ni watoto wa mpakani, kundi la kwanza lilichagua lori. Kundi la pili likataka kuku. Eliza na wenzake wakasema ng'ombe.

Eliza ana miaka minane. Mpole, mwandiko wake unaumiza macho, lakini ana mikono ya ajabu. Wenzake walibandika wakachoka wakaenda kucheza, yeye akabaki anaumba masikio. Alimwekea ng'ombe wake kope. Kope! Alizichomoa kwenye nyuzi za gunia, akazipanga moja moja. Nilipomuuliza kwa nini ng'ombe, alisema bibi yake anakuja kutoka Ivuna kuona maandamano, na bibi yake anapenda ng'ombe.

Kilichotusumbua ni baridi hii. Uji haukukauka, na siku ya tatu wanyama wetu wakaota ukungu, darasa zima likanuka kama pombe iliyochacha. Ndipo Eliza akaniambia, kwa ile sauti yake ya chini, "Mwalimu, bibi anasemaga kitu ukikitia chumvi hakiozi. Kijiko tu."

Kesho yake akaja na mfuko wa chumvi ya Ivuna, ile ya kijivu ambayo bibi yake huichemsha mwenyewe na kuwatumia. Nilimpigia makofi mbele ya darasa. Kisha nikaichukua mimi, kwa mkono wangu, nikaimimina yote kwenye sufuria ya uji. Nilijiambia kijiko kitasaidia nini.

Ukungu ukaisha, na sifa nikachukua mimi. Mwalimu Hamisi wa darasa la nne, mtu wa Singida aliyekulia kwenye mifugo, alipita kuangalia. Alimgusa ng'ombe, akalamba kidole, akacheka.

"Dada, unga na chumvi? Hapa umewapikia mbuzi. Usiwaache nje hawa, wafungie ofisini."

Nikamjibu nimesikia. Na nilisikia kweli.

Jana asubuhi niliwatoa wanyama nyuma ya darasa wapate jua la mwisho, maana rangi ilikuwa bado ina unyevu. Nikawatuma watoto mbele wakajipange. Nilitakiwa kukaa pale pale. Badala yake nilikwenda kwa fundi kuchukua gauni langu la kitenge, kwa kuwa mgeni rasmi angekagua kazi za watoto na nilitaka kupigwa picha nikiwa nimependeza. Fundi alikuwa hajamalizia mkono mmoja. Nikasubiri.

Niliporudi nilisikia mlio kabla sijafika getini. Pa! Kimya. Halafu tena, pa!

Mbuzi wa jirani, saba wote. Pulizo likipasuka mbuzi anaruka nyuma, anatazama kama aliyetukanwa, kisha anarudi kulamba. Lori lilibaki magurudumu. Kuku sikumwona kabisa. Ng'ombe wa Eliza alibaki sikio moja na jicho moja lenye kope. Siku nyingine, kwa watoto wa mtu mwingine, ningecheka mpaka nikae chini.

Mwalimu mkuu alikuja, darasa zima likiwa nyuma yake. Mama yule hapayuki. Aliuliza tu, "Imekuwaje?"

Nilikuwa nimeshika gauni jipya mkononi. Nikajibu haraka kuliko nilivyofikiri: "Ni chumvi, mwalimu mkuu. Eliza alileta chumvi ya kutia kwenye uji."

Kila neno hapo lilikuwa la kweli.

Mtoto mmoja akasema, "Chumvi!" na wengine wakadakia, "Chumvi! Chumvi!" Eliza alinitazama mimi, akasubiri, kwa sababu alijua kwamba ninajua. Nikaanza kukung'uta vumbi kwenye gauni. Mwalimu mkuu akasema basi aliyesababisha abaki afagie haya makaratasi, wengine twende, tumeshachelewa. Nafasi ya kusema ilikuwepo, pana kabisa. Nikapuliza filimbi na kuwapanga mstari.

Tuliandamana na mianzi mitupu. Watoto waliibeba juu hivyo hivyo, wakiimba, kwa vile nilikuwa nimewafundisha kuibeba juu. Picha nilipigwa. Nimependeza kweli.

Karibu na soko nilimwona bibi mmoja amejifunga vitenge viwili kwa ajili ya baridi, amesimama mbele ya watu wote. Alikuwa anaangalia mtoto mmoja mmoja, hadi mstari wetu ukaisha. Kisha akaangalia nyuma ya mstari, huko kusikokuwa na mtu. Sikuwahi kumwona maishani, lakini nilijua ni nani, nikageuza uso upande wa malori.

Leo saa nne amekuja shuleni, peke yake.

Aliponiona alipiga goti, palepale kwenye vumbi mlangoni mwa darasa, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimia mama zetu wa Kinamwanga wanapomheshimu mtu. Mimi kwa umri ni kama binti yake wa mwisho. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwamkia.

"Mwalimu, mtusamehe," alisema. "Ile chumvi ni ya kwangu mimi, mtoto hana kosa. Mimi ndo nilimfundisha. Sasa leo kakataa kuja, anasema wenzake wanamwita Chumvi, anasema harudi tena shule. Nimeona niende naye Ivuna, lile lori la chumvi lililonileta linarudi leo saa kumi. Ya shule tutaona huko mbele."

Mtu mwenye utu angemwinua. Angemwambia bibi, inuka, anayetakiwa kupiga goti ni mimi. Ningehitaji maneno machache tu, na watoto wangu wote walikuwa kwenye madawati wakisikiliza.

Nilisema: "Yameisha, bibi. Tumewasamehe."

Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili nikairudisha. Ikae hapo, niione.

Alinishukuru. Akatoa mfuko kwenye kikapu chake, akanikabidhi kwa mikono miwili, chumvi ya mboga alisema, kwa usumbufu niliopata. Nikaupokea.

Mfuko uko mezani mbele yangu. Mchana nilipika maharage, nikashindwa kuufungua, nikala maharage chapwa. Dada yangu akisoma hapa atasema nimejiadhibu kwa kitu kidogo, na atakuwa sahihi. Maharage hayamsaidii Eliza kitu.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya vile, nikidhani nitapata sababu nzito. Sina. Niliogopa kuchekwa na walimu wenzangu. Niliogopa Mwalimu Hamisi aseme, "Si nilikwambia?" Basi. Kwa hilo nimemwachia mtoto wa miaka minane mzigo wangu, na mama mzima kaja kuupigia magoti.

Nilikuwa nimepanga kumaliza shajara ya leo kwa azimio. Kwamba kesho mstarini, mbele ya shule nzima, nitasema chumvi niliimimina mimi na wanyama niliwaacha mimi. Azimio zuri, hata kulisoma linapendeza. Lakini kesho Eliza hatakuwepo mstarini. Kesho atakuwa Ivuna, anaangalia bibi yake akichemsha chumvi, na mimi nitakuwa nakiri mbele ya watu ambao sikuwakosea.

Simu inaonyesha saa tisa na dakika ishirini na tano. Malori ya chumvi husimama nyuma ya mashine ya kusaga, kwa miguu ni robo saa kutoka hapa. Nimekaa kwenye kitanda hiki tangu saa nane, naandika, nafuta, natafuta neno zuri zaidi, na sasa nimeelewa kwa nini maneno ya leo yamekuwa mengi. Nilikuwa nasubiri saa kumi ipite.

Nitampigia goti bibi kwanza, kisha mjukuu wake, na wapakiaji wote wasikie. Labda Eliza atakataa kushuka. Ana haki.

Viatu bado viko miguuni. Naenda.