Benchi la Mbele

Tottenham, London
Jumanne, baada ya kutoka kazini

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa,

Nakusalimia kwa mikono miwili, wewe uliyenishika mkono nikiwa sijui hata kuvuka mtaro. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Ile dawa ya kupaka niliyotuma ilikufikia, au iliishia kwenye magoti ya watu wa njiani? Na ziwa, limerudi mahali pake au bado linawaingilia uani? Mimi natembea, nashukuru. Mgongo unauma kwa kazi ya kusafisha maofisi, lakini mgongo siyo habari. Habari ni binti yetu Riziki.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima. Nikituma sauti, kabla wewe hujaweka sikio wajukuu wameshacheka na jirani ameshauliza kuna nini. Barua hii anaibeba shemeji yake Mama Beni, yule jirani yangu mtu wa mji wa Baraka. Anakwenda Bujumbura, atavuka mpaka kuja huko Uvira. Uisome peke yako, Yaya. Mwandiko wangu unaujua, ndiwe uliyenifundisha kwa mkaa ukutani jikoni nilipoachishwa shule darasa la tatu. Penye makosa, soma tu kwa moyo.

Naanza na dhambi. Ule mfungo niliokuomba mwezi uliopita, wewe na wamama wa chumba cha maombi, siku tatu bila kula mpaka jioni. Mlidhani tunaombea kazi ya Riziki isitawi. Nilikudanganya, Yaya. Mimi nilikuwa naomba kanisa la watu lisijae.

Ngoja nieleze ujue. Pasta wetu hapa, Pasta Kosi, ni mtu wa Benini, kule Afrika ya Magharibi. Kanisa lao huko lilianza na benchi moja. Mama yake pasta alikuwa anauza uji wa mahindi kando ya njia, wateja wanakaa kwenye benchi, yeye anawaimbia nyimbo za Mungu wakiwa wanakunywa. Benchi likajaa. Wakaongeza la pili, la tatu, wakaweka paa. Siku nafasi ilipokwisha, yule mama hakutaka kuvunja ukuta. Alisema, "Waliokaa benchi la mbele leo, libebeni mwende nalo kijiji kinachofuata. Mkaanze huko." Tangu hapo ndiyo desturi yao. Kanisa likijaa, benchi la mbele linabebwa kichwani, na waliolikalia Jumapili hiyo wanakwenda nalo. Ni kama sisi na migomba, chipukizi likikomaa unalitoa kwa mama yake unalipanda mbele. Ndivyo kanisa lao lilivyokua, kutoka pwani mpaka sasa linakaribia mwisho wa nchi.

Riziki alikwenda huko miaka miwili sasa, kufundisha wanawake kusoma. Unakumbuka nilivyokueleza, alivyokuwa ananisomea barua za kansoli, serikali yao ya mtaa, na za ofisi ya wageni akiwa na miaka tisa, kakaa kwenye kiti miguu haigusi chini? Siku ya kuaga aliniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba hataki mama mwingine asomewe barua na mtoto. Ningejibu nini? Nikamfungia ndagala, visamaki vyetu vya ziwani, kwenye sanduku, nikalia chooni uwanja wa ndege.

Ila hakuniambia kwamba atakaa benchi la mbele. Ningejua. Huyu mtoto tangu tumefika London hajawahi kukaa nyuma. Kwenye basi ni ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa, anashika chuma kama yeye ndiye dereva. Nikampigia simu:

"Riziki, kanisani kaa nyuma."

"Nyuma ni kwa wamama wenye watoto wachanga, Mami. Wangu yuko wapi?"

"Basi kaa katikati, ujifanye unakohoa."

Akacheka mpaka simu ikakatika.

Benchi limetembea naye mara nne, Yaya. Na kila mara linakwenda kaskazini, kwa sababu kusini makanisa yamejaa zamani. Hapa Tottenham tunasali kwenye ukumbi juu ya duka la matairi. Pasta Kosi anainua mkono anasema, "Benchi limetembea!" Watu wanaruka, vigelegele, ngoma. Mama Beni ananisukuma ubavuni: "Cheka basi, Mama Riziki! Uso kama umekalia msumari. Mtoto wako anakuza nyumba ya Mungu!" Nami napiga makofi, mikono tu. Wao wanasikia kanisa limekua. Mimi nasikia mtoto wangu amesogezwa tena.

Kijiji hiki cha nne kiko kwenye njia ya udongo mwekundu. Baada yake kuna kijiji kimoja, halafu pori. Na porini, Riziki mwenyewe alijisahau akasema, kunapita watu wa pikipiki wenye bunduki. Halafu akaniambia kwa furaha, "Zimebaki nafasi chache tu, Mami, benchi litatembea tena." Ndipo nilipofunga. Nilipiga magoti bafuni, nikafungua bomba watu wa chini wasinisikie, nikasema: Bwana, punguza. Wengine wape homa ndogo, wengine wagombane, wengine walale wapitilize. Usilijaze kanisa lako. Nani anaomba hivyo, Yaya? Mama gani?

Akanisikia.

Jana niko kwenye basi natoka kazini, simu ikalia.

"Mami, jana kanisani tulikuwa saba."

"Saba kwenye benchi lako?"

"Saba kanisa zima."

Furaha ilinipanda kooni kabla sijaizuia. Namwambia "pole, mwanangu" na huku nacheka, mpaka mzungu wa pembeni akanitazama. Halafu nikauliza, kuuliza tu kwa adabu, "Wameugua?"

"Hapana. Wanasema wana kazi mashambani. Lakini pamba imeshavunwa, Mami. Mashamba ni matupu."

Hapo kicheko kikanikauka mdomoni. Nilikuona wewe, Yaya. Nilikuona kama uko kiti cha mbele yangu. Jumapili ile kule kwetu, Riziki bado ananyonya, mimi naimba na wewe huimbi. Uliniinamia ukasema, "Tazama mabenchi. Wauza ndagala hawapo. Watu wa mlimani hawapo. Tukitoka hapa hatupiki, tunafunga mizigo." Nikakujibu kwamba umeanza uzee mapema. Jioni tulikuwa kwenye boti, Riziki mgongoni mwako kwa sababu miguu yangu mimi ilikataa, na kesho yake kijiji chetu kilikuwa majivu. Watu hawasemi wanaogopa. Wanaacha tu kuja. Kanisa likiwa tupu, ni kwamba watu wameshaona kitu. Ulinifundisha wewe mwenyewe, na mimi nikaenda kuomba jambo hilo hilo kwa magoti.

Nikamuuliza Riziki, "Wauza kuku wamekuja sokoni leo?"

"Sijui."

"Nenda katazame. Tazama watoto wanakwenda kuteka maji peke yao au wanasindikizwa. Tazama mbuzi kama wamefungiwa ndani mchana."

"Mami, mbona unauliza kama polisi?"

"Nenda! Na usikate simu."

Nilisikia kandambili zake, pa, pa, pa. Nikapita kituo changu, nikapita na kilichofuata. Aliporudi ilikuwa sauti nyingine. "Soko halipo, Mami. Amekuja bibi mmoja wa chumvi, na anafunga vitu vyake. Mbuzi sijaona hata mmoja."

"Ondokeni leo."

"Siwezi kuliacha benchi."

"Libebeni."

"Benchi halirudi nyuma. Halijawahi kurudi. Likirudi watu watasema kanisa limekufa. Mpaka Pasta mwenyewe aseme."

Nilishuka pale pale, nikarudi kwa miguu mpaka ukumbini na nguo zangu za kazi, ndoo tu ndiyo sikuwa nayo. Pasta Kosi alikuwa anapanga viti. Nikamwambia yote, hata yale ya bafuni. Alikaa chini pole pole kama mzee, na siyo mzee.

"Mama yangu alikufa akijivunia hilo," akasema. "Kwamba benchi halijarudi hata siku moja. Jumapili nitawaambia nini watu?"

Yaya, sijui nilipata wapi mdomo. Nikamwambia, "Pasta, mama yako aliuza uji. Jua likiwa kali, aliwaacha wateja waungue kwenye benchi, au alilisogeza kivulini?"

Alifunika uso kwa mikono. Nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Alilisogeza," akachukua simu, akaongea na mzee wa kanisa huko kwa lugha yao, maneno machache. Akaniangalia. "Nimesema lirudi."

Hiyo ilikuwa jana saa tisa mchana. Tangu hapo simu ya Riziki haipatikani. Kutoka hapo mpaka kijiji cha tatu ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, na njiani hakuna mtandao, najua, ananiambiaga. Najua na bado mwili hautaki kujua. Leo nimesafisha ghorofa moja mara mbili. Msimamizi akaniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo, kichwa. Nimepika ugali na sombe, majani ya muhogo ya barafu ya duka la Mghana, imekaa hapo inaniangalia. Kila mlango wa lifti ukifunguka huko nje nashtuka, kana kwamba anaweza kuja kwa lifti. Naandika ili mikono ipate kazi. Naweka kalamu hapa.

Alhamisi

Wamefika, Yaya. Wamefika.

Alinipigia jana mchana, sauti imekwisha kwa vumbi. Wale saba walilibeba benchi kwa zamu, Riziki naye, ana kidonda begani. Wakapita nalo katikati ya kijiji. Na anasema hakuna aliyepiga kelele wala kutangaza. Lakini watu walipoona benchi linarudi, milango ikaanza kufunguka. Wakatoka wale waliosema wana kazi shambani, na vifurushi vyao vimefungwa tayari, na mbuzi wao, na wagonjwa kwenye baiskeli. Kila mtu alikuwa anangoja mwingine aanze. Benchi ndilo lililoanza. Walipofika kijiji cha tatu walikuwa msururu ambao hakuuona mwisho wake.

Walikotoka hatujui kukoje. Kuna moshi umeonekana upande ule. Wengine wanasema ni watu wanachoma mabua ya pamba. Huenda. Yule bibi wa chumvi hakuja, wala hajaonekana tena. Riziki analitaja hilo kila baada ya maneno mawili, nami namjua, anatafuta nimwambie arudi kumtafuta. Sikumwambia.

Halafu akasema, "Mami, kanisa la hapa limejaa. Watu wanakaa kwenye mikeka mpaka nje."

Limejaa. Unajua neno hilo kwangu ni nini.

"Na benchi lenu mmeliweka wapi?" nikamuuliza.

Akajibu, "Mbele, Mami."

Sikumwambia akae nyuma. Nilimwambia, "Sawa, kaa mbele. Lakini kabla ya kuimba, geuka. Watazame wote, umhesabu asiyekuwepo. Hilo siyo langu, ni la Mama Mkubwa wako Mwamini, ndilo lililokuvusha maji ukiwa mgongoni." Hakunijibu kwa Kiingereza safari hii. Alisema, "Ndiyo, Mama."

Basi Yaya, yale maombi yangu uyafute. Wamama wenzako waambie ukweli au usiwaambie, wewe ndiwe mkubwa. Ila omba wajae. Wajae mpaka mikeka iishe. Nitaogopa, hiyo niachie mimi, nimeshaizoea kama mgongo.

Na sasa nakuuliza wewe, na ndiyo sababu hasa sikutaka watoto wasikilize. Hapa redioni na kwenye simu za watu nasikia habari za milimani kwenu, na wewe kila nikipiga unaniambia "tuko salama, usijali, umekula?" Usinidanganye kama nilivyokudanganya. Mabenchi yenu yakoje? Jumapili ukifika kanisani usiimbe kwanza. Geuka. Kisha unipigie useme tu nani hayupo. Nitaelewa, hata wakisikiliza nyumba nzima.

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie koti la baridi aliloniomba kwa utani nimelinunua kweli. Msalimie kijana wako mkubwa, fundi seremala, na mke wake. Akikaribia kujifungua asibebe ndoo. Mama Mdogo yule asiyesikia vizuri, mshike mkono tu umwambie ni mimi. Na wajukuu wote waliocheka sauti yangu, wachape busu.

Ni mimi mdogo wako, uliyembebea mzigo wake mgongoni miguu yake ilipokataa,

Mama Riziki