"Ugh" ya Meneja

Umeusoma ujumbe wa Mama Pacha kwenye grupu la kazini, ukajifanya kipofu. Usibishe ndugu yangu, ulikuwa hewani.

Alituma picha ya mlango wa dharura wa karakana ya kushona, umepigwa kufuli. Meneja akamjibu neno moja: "Ugh."

Mama Pacha akauliza, "Ndiyo nini, bosi?" Msimamizi akamcheka: "Msonyo wa Kizungu, mama. Umemchosha."

Msonyo! Watu themanini wamefungiwa ndani, yeye anasonya!

Mpiga pasi naye aliandikiwa "Ugh" hiyo hiyo alipolalamikia nyaya za umeme. Kesho yake akazuiwa getini. Sijasahau. Nyaya zenyewe leo zimetoa moshi.

Mama Pacha wameshamtoa kwenye grupu, kama walivyonitoa mimi baada yake. Umebaki wewe. Itume tena picha ile kwenye grupu sasa hivi, kabla zamu ya mchana haijaingia.